Migahawa au mahabusu, raia tuanze kukagua wapi?

Hapa Mwanza mgahawa una bwana afya wa halmashauri, ana Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 mkononi, na hata asipokuja wewe ukienda kula sato Mwaloni Kirumba unaona mwenyewe maji ya kunawa, nzi, choo, ukichukizwa unaondoka na majirani wanaambiwa siku hiyohiyo. Yani wateja ni wakaguzi tayari, ripoti ibandikwe mlangoni tu.

Mahabusu ni kitu kingine jamani. Sheria inataka polisi wakufikishe mahakamani ndani ya masaa 24, sasa humo ndani nani anahesabu hayo masaa? Na gereza la Butimba huwezi ukajiingilia tu kuangalia watu wanalalaje, wanakula nini, mgonjwa anatibiwa au la. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kutembelea magereza, sheria yake ya 2001, ila ni tume moja nchi nzima.

Mi nasema mahabusu kwanza, tena bila kusubiri. Nesi, mwanasheria, na mama mmoja anayepelekaga chakula kituoni, waruhusiwe kuingia bila taarifa na ripoti yao isomwe kwenye mkutano wa mtaa.