TAHADHARI: Ripita ya VHF ya "unachomeka tu" inayouzwa Kampala

Ndugu wanaredio wa ridhaa, hasa mnaochangishana ili mji wenu upate ripita (mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha upya ili ifike mbali): kuna muuzaji Kampala anayetangaza kwa WhatsApp ripita ya VHF "iliyokamilika, unachomeka tu". Sisi wa Jinja ametula shilingi milioni 4.2. Juzi nimesikia anazungumza na wenzetu wa Mbale, ndiyo maana naandika leo.

Alichotuuzia ni redio 2 za gari ndani ya boksi la chuma, feni ndogo, na dupleksa (kifaa cha kutenga mawimbi yanayoingia na yanayotoka) bapa yenye ukubwa wa kitabu. Dukani kwake ilifanya kazi. Mtu alisimama mlangoni na redio ya mkononi, akaongea, sauti ikatoka safi kwenye redio nyingine. Tukafurahi, tukalipa. Mtego wenyewe ndio huo. Mtu aliye hatua 10 atasikika hata mtambo ukiwa mbovu, kwa sababu mawimbi yake yanafika na nguvu nyingi mno. Ripita hupimwa kwa mtu wa mbali anayesikika kwa shida.

Tulipoifunga, mwenzetu wa Njeru, ng'ambo tu ya daraja la Nile, alisikika vizuri. Wa Kakira akawa anakatika kila mara: anaingia, mtambo unaanza kurusha, kelele zinammeza, mtambo unanyamaza, anaingia tena. Siku 2 tulipanda na kushuka mnara tukikagua antena na kebo, tukidhani kosa ni letu. Kumbe ni dupleksa.

Ripita hupokea na kurusha kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa antena moja. Kwenye bendi ya mita 2, ambayo kwa upande wetu wa dunia ni 144 hadi 146 MHz, masafa hayo mawili hupishana kwa kHz 600 tu: inapokea 145.000, inarusha 145.600. Wati 40 zinapita kwenye kebo ile ile inayoleta mnong'ono wa mtu wa mbali. Kutenga hayo mawili kunahitaji dupleksa ya mitungi mikubwa ya chuma. Urefu wa mtungi hufuata robo ya wimbi, na hapo ni kama sentimita 52, kwa hiyo mtungi wa kawaida ukiusimamisha sakafuni unapita goti, na huwa 4 au 6. Zile bapa ni za masafa yaliyoachana kwa MHz kadhaa. Yetu ilikuwa imebandikwa karatasi mpya juu ya lebo ya kiwanda. Tulipoibandua tukasoma kwamba tofauti isipungue MHz 5. Huyo alijua anachouza.

Tulipompigia alisema antena yetu ndiyo mbovu. Baadaye akataka 350,000 aje kuirekebisha. Tukatuma kwa simu, na tangu siku hiyo hapokei.

Kuna na la kibali, na hili linanitia hofu zaidi ya pesa. Anadai bei yake ina kibali cha UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda) ndani, na alitupa karatasi yenye muhuri. Kibali hakiuzwi pamoja na mtambo. Mwenye kituo anaomba mwenyewe UCC, makao yao yako Bugolobi. Ukirusha kwa karatasi ya namna ile, atakayeulizwa ni wewe, na mtambo utachukuliwa kwako.

Kwa hiyo Mbale, na wengine wote, kabla ya kutoa hata shilingi nendeni na futi mpime dupleksa. Mwekeni mwenzenu kilomita kadhaa mbali na redio ya mkononi, kwa nguvu ndogo. Msikilizeni kwanza mtambo ukiwa haurushi, kisha uwasheni urushe kwa nguvu zake zote. Sauti yake ikififia au ikipotea pale unapoanza kurusha, ondokeni. Mkibaki, uacheni urushe dakika 20 mfululizo kisha mguse boksi. Redio za gari hazikuundwa kwa kazi hiyo, na yetu ilizimika kwa joto kabla ya muda huo.

Na kama mmeshamtumia pesa, msifute ujumbe wala risiti za simu, na msibandue karatasi iliyo juu ya dupleksa kabla hamjaipiga picha. Sisi tumeshafungua faili polisi hapa Jinja. Niandikieni faragha niwape namba ya faili, malalamiko yenu yaunganishwe na yetu.