Duka la barafu njia ya Deep Sea hapa Tanga, nyota nne (na mimi sio mvuvi)

Mimi sivui samaki, naomba hilo lieleweke. Ila mwezi mzima huu nimepanga foleni na wavuvi saa kumi na moja alfajiri na deli langu la bluu, mpaka kijana wa pale ananiita "daktari wa figo", maana siku ya kwanza aliniuliza barafu ya nini nikamwambia ya figo, akacheka weee, akaniongezea koleo moja bure.

Iko hivi. Kazi yangu ni kutenga kimeng'enya kimoja cha figo ya binadamu, kile kinachokata dipeptaidi (vipande vya asidi amino mbili zilizoungana), ndo hicho hicho kinachoivunja imipenem, dawa ya kuua bakteria, ikifika kwenye figo, na ndo maana toka miaka ya 1980 imipenem inatolewa pamoja na cilastatin ya kukizuia. Sasa kipande cha figo ya mtu unakipata kwa kibali na ridhaa ya mgonjwa, tena kidogo mno, hakuna kukichezea, kwa hiyo kwanza nanoa mkono kwa figo za mbuzi za bucha ya Ngamiani.

Figo ukishaisaga tu, vimeng'enya vinavyokula protini vilivyokuwa vimefungiwa ndani ya seli vinamwagika vyote na vinaanza kukutafunia mali yako hapo hapo. Breki yake ni baridi, nyuzi 4 kushuka ila isigande. Friji ninayo lakini umeme mnaujua wenyewe, na joto hili la Tanga bika (kikombe cha maabara chenye figo iliyosagwa) ikisahaulika mezani dakika kumi ishapata uvuguvugu.

Hapo ndo hawa jamaa wananiokoa. Barafu yao imesagwa laini, sio yale mabonge, bonge linaigusa bika sehemu mbili tatu basi, hii inaikumbatia pande zote, ukiitia maji kidogo inakuwa kama uji na kipimajoto kinaganda pale pale kwenye sifuri mpaka adhuhuri. Muda huo nshasaga, nshazungusha kwenye sentrifuji, nshatia detajenti ya kukibandua kimeng'enya kwenye utando wa seli kilikonasa, halafu nakaa na amoniamu salfeti, ile ya kuitoa protini kwenye maji ijikusanye, naidondoshea kidogo kidogo huku nakoroga pole pole, ukiwa na haraka povu linapanda na povu na protini haviivi chungu kimoja.

Malalamiko ninayo moja. Kuna siku kijana kwa wema wake akanimwagia konzi mbili za chumvi ya mawe juu ya barafu, eti inakaa sana, wavuvi wote wanataka hivyo. Sikuona. Nakuja kuangalia kipimajoto kinasoma nane chini ya sifuri, pembeni ya bika pameota vipande vya barafu kama vya vioo, na jioni nilipopima kwenye mwanga wa nanomita 275, ule mwanga unaomezwa unatakiwa ushuke kimeng'enya kikila chakula chake, mstari umelala tu kama maji ya mtungini, yaani kimeng'enya hakifanyi kazi tena. Figo tatu za mbuzi hizo zimekwenda, nilikasirika ila yeye angejuaje.

Siku hizi nikifika tu napaza sauti: bila chumvi kaka! Foleni nzima inageuka.

Nyota moja nimeikata kwa ile chumvi. Halafu chenji hawana kabisa, beba hela ndogo ndogo au lipa kwa simu.