Zulia Jipya Baada ya Maji Kuingia Sebuleni: Pindua Mgongo Kwanza

Malalamiko mnayonitumia yanafanana mpaka siku hizi nakisia mwisho kabla sijafika katikati. Mgao wa maji umekata, mtu amefungua bomba la jikoni likatoa hewa tu, akaliacha wazi akaenda kulala. Maji yamerudi saa nane za usiku, karai limeziba tundu la sinki, na aliyeamka alfajiri kuswali ndiye aliyekanyaga zulia likamtokea maji kati ya vidole. Mwengine boya la tangi la juu lilikwama, maji yakashuka na ukuta. Mwengine ni ile paipu nyembamba ya chini ya sinki, imepasuka wenyewe wako harusini Malindi. Kisha swali ni moja: zulia limeanikwa, limekauka, mbona linanuka, na tununue lipi jengine?

Maji ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, na yanafika saa yanayotaka yenyewe. Kwa hivyo zulia la mji huu linunuliwe kwa hesabu kwamba siku moja litalowa.

Rangi sitasema kitu. Ukubwa kila mtu anajua sebule yake inataka zulia la futi 5 kwa 8 au la 7 kwa 10. Ulaini mtausikia wenyewe kwa nyayo. Mimi nina jambo moja na nitalishikilia mpaka mnichoke: mgongo wa zulia. Upande ule unaolala sakafuni, ambao muuzaji hauonyeshi na mnunuzi hauombi.

Mazulia mengi ya mashine yanayouzwa hapa mjini uso wake ni nyuzi za plastiki, yaani polipropilini, lakini mgongo umefumwa kwa juti, nyuzi zile zile za gunia. Polipropilini hainywi maji. Ukilikung'uta zulia, maji yanaruka. Juti inakunywa, inavimba, inashika. Unapapasa juu unaona pakavu, unashukuru Mungu, unarudisha makochi, kumbe chini gunia bado bichi. Ukungu unataka unyevu wa saa 24 hadi 48 tu uanze kuota, na kwa joto letu hili usitarajie uvumilie zaidi. Harufu mnayoilalamikia ni hiyo. Na yale madoa ya rangi ya chai yanayojitokeza juu ya zulia la krimu baada ya kuanikwa, ambayo mama mmoja aliyafukuzia paka wa jirani, ni hiyo hiyo: rangi ya juti imeyeyuka, ikapanda na maji hadi kwenye ncha za nyuzi, maji yakaruka hewani yakaiacha pale. Ndiyo sababu zulia lililolowa huanikwa mgongo ukiwa juu, ili madoa yakija yaje upande usioonekana na wageni.

Dukani fanya hivi. Kunja pembe ya zulia, tia kidole maji ya chupa, kiguse mgongoni. Penye juti tone linanywewa mara moja na mahali pale panageuka kahawia iliyokoza. Inama unuse, utasikia gunia. Penye plastiki tone linakaa juu liking'ara, na ukiinamisha linateleza. Kama bado una shaka, omba uzi uliochomoka ukingoni, uzamishe kwenye glasi ya maji, uuminye hewa yote itoke, kisha uuachie. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, itapanda juu. Juti inabaki chini. Poliesta, ambayo nayo ni plastiki, pia inabaki chini, kwa hivyo uzi uliozama uamue kwa tone.

Muuzaji mmoja aliniangalia nikifanya hayo akaniambia, "Dada, zulia hukanyagwa juu, si chini." Nilimwacha na hekima yake.

1. Lililofumwa kwa plastiki juu na chini

Hili ndilo. Nyuzi za mgongo ni polipropilini au poliesta, pengine zimechanganywa na pamba kidogo, hakuna juti wala gundi. Maji yakiingia unaliburuta nje, unalimwagia maji safi, unalitundika kwenye ukuta wa roshani, na kaskazi ikivuma linakauka pande zote mbili. Usidanganyike na unene. La unene wa wastani lililofumwa kwa kubana linadumu kuliko nene lililolegea, na zito mno hutalibeba likiwa limelowa hata ukiita watoto wote.

Hapa sifichi upendeleo wangu: Oriental Weavers, ya Misri. Kampuni ilianza 1979 na hata nyuzi za polipropilini inajitengenezea yenyewe. Napenda ufumaji wake ulivyobana, napenda kingo zake zisivyofumuka upesi, na nikiiona lebo hiyo mkono unatangulia kabla sijauliza bei. Wanaosema nina mapenzi nayo wamesema kweli. Hata hivyo la kwao pia lipindue, kwa sababu jina la kampuni halikwambii mgongo umefumwa kwa nini. Lenye juti liache hapo hapo, la Misri au la kwengine.

Jambo jengine kuhusu Misri: wao na sisi tuko COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na bidhaa zinazotimiza masharti ya asili, yaani ya mahali zilikotengenezwa, huingia bila ushuru wa forodha. Sasa niulizeni nafuu hiyo inaishia wapi, maana dukani haijawahi kunifikia.

2. Plastiki juu, juti chini

Ndilo lililojaa madukani, na wengi wenu mliloniandikia ndilo hili. Si zulia baya. Kwa chumba cha kulala, mbali na bomba na bafu, lichukue. Kwa sebule inayopakana na jikoni, na nyumba nyingi za kupanga kuanzia Tudor hadi Bamburi ndivyo zilivyojengwa, mimi silitaki.

Kama tayari unalo na limelowa, kwanza jua ni maji gani yaliyoingia. Hili halisemwi na ndilo linalowaangusha wengi. Tangi lako ukilijaza maji ya kisima, au ya mitungi ya mkokoteni yaliyotekwa kisimani, mengi ya maji hayo hapa kisiwani yana chumvi. Maji yakiruka, chumvi inabaki ndani ya juti. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 chumvi inaanza kuvuta maji kutoka hewani, na asubuhi nyingi za Mombasa hupita hapo. Utalianika Jumatatu likauke, Jumanne asubuhi ulikute na ubichi, ulianike tena, na utadhani paipu bado inavuja, umwite fundi avunje vigae bure. Dawa ni kulilowesha upya kwa maji matamu, mengi, mara kwa mara, mpaka yanayotoka ukiyaonja kwa ncha ya ulimi hayana chumvi. Najua ni uchungu kumwaga maji matamu juu ya zulia wakati wa mgao. Lakini bila hivyo hutalikausha.

Usilikunje wala kulisimamisha pembeni likiwa bichi. Na vijana wa kuosha magari, ambao siku hizi ndio mafundi wetu wa mazulia, waambie wapunguze nguvu ya ile mashine ya maji wakifika mgongoni na wasilirudishe limezungushwa kabla halijakauka. Lililotoka kwao likiwa roli siku za Mei, mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote, lifungue nje kabla hujaliingiza ndani. Utanishukuru.

3. La sufu, au la Kiajemi ulilorithi

Sufu ina ajabu yake: inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake na ukiigusa bado uione kama kavu. Uzuri huo ni hatari pia, kwa sababu mkono unakudanganya. Rangi za asili zinaweza kuchuja nyekundu ikaingia kwenye nyeupe, kwa hivyo bonyeza kitambaa cheupe chenye maji kwenye kipembe kabla hujalimwagia chochote. Maji ya moto hapana. Kulitundika kwenye kamba likiwa zito hapana, mtande wake, yaani nyuzi za urefu zinazolishika, utakatika. Kununua jipya kwa nyumba yenye mgao wa maji ni kujitafutia presha. Ukiwa nalo la bibi, litunze chumba cha juu.

4. La manyoya, lenye gundi

Hapa ndipo nitakapogombana na nyinyi, kwa sababu ndilo mnalolipenda. Manyoya marefu, linateleza kama paka, picha zake zinapendeza, na mkilala juu yake mnasahau shida. Sasa lipinduwe. Utaona kitambaa cheupe au cha kijivu, kigumu kidogo, kimegandishwa. Nyuzi zile hazikufumwa humo. Zimechomekwa kwa sindano na kushikwa na gundi ya mpira, mara nyingi iliyochanganywa na unga wa chokaa ili iwe nyingi kwa bei ndogo. Gundi hiyo ikikaa na maji inachoka. Inaanza kumeguka, unakuta vumbi jeupe sakafuni ukifagia na hujui linatoka wapi, kisha kitambaa cha nyuma kinaachana na cha mbele, na zulia linapata mapovu ambayo kila anayepita anajikwaa. Baada ya hapo hakuna fundi wa kulirudisha.

Lenye mgongo wa vidonge vya mpira vya kuzuia kuteleza ni baya zaidi kwa sababu linafunga maji chini yake. Juu pamekauka, chini juu ya vigae pana kidimbwi kilichokosa pa kwenda. Ukiliinua baada ya siku kadhaa unakutana na harufu ambayo sitaki kuieleza kwa watu ambao pengine wanakula.

Kipimo chake dukani: shika pembe, ikunje upande wa mgongo ukiwa nje, uibinye kwa nguvu. Ukisikia ikipasuka-pasuka au ukiona unga kwenye vidole, gundi imeshazeeka ghalani kabla hujaifikisha kwako. Kontena limekaa joto, ghala limekaa joto, na wewe ndiye utakayeambiwa hukulitunza.

5. La ukuta hadi ukuta lenye sponji chini

Pwani hii, chini kwenye sakafu ya saruji? Hapana. Sponji ikilowa haikauki bila kung'olewa yote. Ofisi zina pesa zao, ziacheni.

Wanaotafuta cha bei nafuu, mkeka wa plastiki wa kufumwa upo, unaoshwa na mpira wa maji, unakauka mara moja. Basi.

Sasa bei na wenye bei. Ukizunguka Biashara Street na mitaa ya Digo Road mwezi mmoja kabla ya Idd utadhani mazulia yamegeuka dhahabu. Zulia lile lile, roli lile lile, vumbi lile lile juu ya nailoni, bei imepanda kwa sababu wanajua hakuna atakayepokea wageni juu ya sakafu tupu. Na wale wa mitandaoni wenye kuweka picha nzuri na chini kuandika "bei njoo inbox", nawauliza: mnaficha nini? Ukiingia huko unaulizwa kwanza unakaa wapi. Ukisema Nyali, kwa wenye pesa, umekwisha.

Halafu kuna neno "Turkey". Kila zulia la mji huu ni Turkey. Mji wa mazulia ya mashine wa Uturuki ni Gaziantep. Wewe muulize tu muuzaji linatoka mji gani na usikilize. Nimejibiwa Istanbul, nimejibiwa Ankara, nimejibiwa na mmoja kwa utulivu kabisa, "Turkey hapo mjini." Lebo iliyobandikwa kwa gundi juu ya lebo nyengine iliyokatwa mkasi haihitaji maelezo. Na neno "orijino" likitajwa zaidi ya mara moja mimi natafuta viatu vyangu.

Kinachonikera zaidi si hata bei. Ni kwamba zulia linawekwa limesimama ndani ya nailoni, limefungwa kamba juu na chini, na ukiomba lifunguliwe unaambiwa "litachafuka, mama, ukishalipa tutalifungua." Lipa nini? Mgongo ndio bidhaa, na wameufunga. Duka linalokataa kufungua liache hata kama lina lebo niipendayo. Linalofungua, angalia mgongo katikati pia, maana kingo zinaweza kuwa zimeshonewa utepe unaoficha kufuma. Mkikubaliana, mwambie aandike kwenye risiti "mgongo plastiki, hakuna juti, hakuna gundi", na upande wa chini atie muhuri wa duka. Wengi watacheka wakiandika. Anayekataa kuandika amekujibu tayari, na duka la pili halipo mbali.