Kondensa ya mashine ya pointi: ipi ununue kabla ya msimu wa kupulizia

Mei ikielekea ukingoni, benchi langu hapa Mtwara mjini hujaa mashine za kupulizia mikorosho. Zinashuka kutoka Tandahimba na Newala, zimelala stoo na vumbi la salfa tangu msimu uliopita, na ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, hausubiri mtu. Wenye mashine za zamani wana wimbo mmoja: "Fundi, ikiwa baridi inawaka vizuri, ikishapata joto inazima, inagoma mpaka ipoe." Kabla hujanunua plagi ya tatu, shuku kondensa.

Pointi ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana injini ikizunguka. Zikifunga, umeme unapita kwenye koili. Zikiachana, umeme ule haukubali kukatika ghafla, unataka kurukia pengo la pointi, na kila ukiruka unazila. Kondensa imefungwa sambamba na pointi ili iupokee msukumo huo. Hapo umeme wa koili unakatika mara moja, na ni kule kukatika haraka kunakozaa volti elfu kumi na zaidi zinazokwenda kwenye plagi. Kondensa ikifa, plagi inatoa moto wa njano, mwembamba, na pointi zinachimbika upande mmoja na kuota kichuguu upande wa pili. Ukikuta kichuguu hicho, usipige msasa ukafunga tena ukadhani umemaliza.

Bodaboda nyingi za siku hizi hazina pointi, zina CDI, yaani boksi la elektroniki linalofanya kazi ya pointi, na kondensa yake imezibwa humo humo ndani ya boksi. Mwenye bodaboda ya namna hiyo akiuziwa kondensa, ameibiwa.

Sasa dukani. Ya kwanza kwangu ni kondensa mpya ya distribyuta ya gari, ya kiwanda kinachojulikana kama Bosch au Lucas, hata kama mashine yako ni ndogo. Nyingi zina kati ya maikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kondensa kuhifadhi umeme) 0.18 na 0.25, na injini ndogo nyingi za pointi zinaridhika hapo. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuifunga nje. Kiwandani, mashine nyingi ndogo ziliwekewa kondensa chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, mahali pa joto na mtikisiko, na kuibadilisha lazima utafute pula, kifaa cha kulivuta litoke. Mimi natoa waya kutoka kwenye pointi, naipitisha panapopita waya wa koili, nafunga kondensa kwenye bodi penye hewa. Ikifa tena, unaibadilisha shambani kwa bisibisi moja.

Ya pili iko kwa mafundi redio: kapasita (ndiyo kondensa kwa jina lao) ya filamu, maikrofaradi 0.22, volti 630. Kwa umeme peke yake ningeipa nafasi ya kwanza, maana pointi zikifunguka volti za upande wa kwanza wa koili hupanda mpaka mamia, na hii inazihimili. Ila miguu yake ni nyembamba kama sindano. Usipoifunga vizuri na kuizungushia kitu laini, mtikisiko utaikata kabla hujamaliza safu mbili za mikorosho. Angalia pia usipewe ile ya duara yenye alama ya hasi na chanya. Hiyo si ya kazi hii.

Moduli ya elektroniki, inayofuta pointi na kondensa kwa pamoja, naiweka ya tatu. Ikikubali ni raha, unasahau kabisa habari za pointi. Shida ni kwamba si kila moja inaendana na kila magineti, sumaku inayozalisha umeme wa plagi, na ikikufia Nanyamba hakuna cha kukwangua wala kuazima.

Ya nne ni ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari bovu. Wengi wananishangaa hapa, lakini kondensa kuukuu iliyopimwa ikawa nzima naiamini kuliko mpya isiyo na jina iliyomwagwa kwenye sahani kaunta. Hizo za sahani ndizo za mwisho, na mimi mwenyewe niliwahi kununua tano nikapata mbili za kazi.

Yoyote utakayochukua, nenda na meta inayopima maikrofaradi. Ikisoma 1 au 2, umepewa ile ya kuzuia mlio wa redio. Kwa macho ni pacha wake. Ikisoma vizuri, ifunge kwenye nailoni, itumbukize kwenye maji ya moto, upime tena. Namba ikicheza sana, irudishe. Hata hivyo meta hupima kwa volti ndogo, haioni uvujaji unaotokea kwenye volti mamia, kwa hiyo patana na muuzaji uirudishe kama mashine itazima baada ya nusu saa ya kazi. Na kondensa iliyotoka kwenye mashine, gusisha waya wake kwenye ganda kwanza. Inaweza kuwa imehifadhi umeme wa kukurusha.

Siku ya kufunga, nunua na pointi mpya, ziweke pengo la milimita 0.35 hivi kama kitabu cha mashine hakisemi vingine. Kisha kwangua rangi na kutu pale skrubu ya kondensa inapokaa mpaka chuma king'ae, maana ganda lake ndiyo ethi yake, njia ya umeme kurudi kwenye bodi, na kwa chumvi ya upepo wa huku Mikindani nimeona kondensa nzima zikitupwa kwa sababu ya kutu ya chini ya skrubu tu.