Duka la mangi wetu Chikongola: nimesoma daftari langu la mkopo nimechoka

Nimepanga siku nyingi niliongelee hili duka la mangi wetu huku Chikongola, Mtwara mjini, jina nalihifadhi asije akanifungia mkopo. Nakopa pale tangu 2021, kila mteja ana kadaftari kake, sasa juzi natafuta kalamu nikakutana na daftari langu la kwanza, nikakaa chini nalisoma kama barua ya mchumba.

Sukari kilo 2,600. Mafuta ya kupima lita 4,500, soda ya chupa 500. Nikafungua la 2022, mafuta lita 8,000, kile kipindi cha vita ya Ukraine afu Indonesia nao wakazuia mawese yao yasitoke, mama nyumbani akawa anapima ya kukaangia kwa kijiko. Mwanzoni mwa 2024 sukari 4,500 na hiyo uwahi, maana mvua za El Niño zilivuruga mashamba ya miwa viwanda vikakwama, tukawa tunauziwa robo robo.

Ila sukari ilipoanza kupatikana mangi alishusha fasta, hilo nampa haki yake, sa hivi 3,000. Na mzani wake hauna ujanja. Kuna duka lingine jirani bei hapandishi ila kilo yake ukiipima nyumbani gramu 900, mi bora huyu anayenambia usoni.

Tunagombana kwenye soda. Mwezi wa 5 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara kule Somanga, malori ya Dar yakalala njiani, mangi akatoa soda 600 akaipeleka 700, tukamwelewa kabisa, mzigo hamna. Barabara ikafunguliwa, malori yanapita usiku na mchana, soda 700 vilevile. Nikimuuliza ananambia "kaka umeme wa friji huo". Haya, umeme, gesi ya kuuzalisha yenyewe inatoka hapa hapa Mnazi Bay inasafishwa Madimba, na friji lake nusu ya siku limezimwa, yani nanunua soda ya moto kwa bei ya baridi.

Afu ikifika mwezi wa 10 hela za mnada wa korosho zikianza kuingia, hapo hata nyanya zinapata taarifa. Msimu wa 2024 kilo ya korosho ilivuka 4,000 mnadani, tusio na shamba tukalipa bei za wenye mashamba. Nafuu ni uraka tu, ile pombe ya mabibo, bibi yangu akishika kata yake hana habari na friji la mtu.

NBS, wale wa takwimu za taifa, walisema mfumuko wa bei 2024 ni kama asilimia 3, sibishani nao, wanapima vitu vingi, mi napima daftari: soda 500 hadi 700 ni asilimia 40 bana.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano atapata soda ikirudi 600, au basi angalau iwe ya baridi.