Mashine nimenunua, garanti ya nyongeza nimewaachia

Duka la laptop liko hapa Bukavu, Ibanda, kwenye avenue Lumumba, unapoelekea Nyawera. Wanapokea watu vizuri, mashine zote zimewashwa, unaruhusiwa kugusa na kujaribu. Mimi nina sekretaria ya kupiga chapa na fotokopi. Wanafunzi wananiletea memwari zao, yaani tasnifu za kumaliza chuo, na wakati wa kuzitetea hakuna kulala. Tulipatana dola 460 kwa laptop mpya, RAM giga 8, SSD giga 256. Hapo sina lawama.

Kisha kijana akatoa karatasi. "Mama, ongeza dola 70 tu, garanti inatoka mwaka mmoja inafika mitatu."

Nikaomba niisome kwanza. Akashangaa kidogo, nadhani wengi wanatia sahihi na kwenda zao. Mambo yenyewe yako nyuma, kwa Kifaransa cha herufi za kukodolea macho. Betri ni miezi 12 basi, hata ukilipa nyongeza. Chai ikimwagika, hapana. Ikianguka, kioo kikipasuka, hapana. Hitilafu ya umeme, hapana. Sasa wenzangu wa Bukavu, mashine zetu zinakufa na nini kama si umeme? Unakatika jioni, unarudi kwa kishindo, unasikia chaja inanuka. Chaja imeandikwa mwisho volti 240, lakini umeme wetu ukirudi haujui kusoma. Kinachobaki kwenye garanti ni kasoro za kiwandani, na hizo mara nyingi hujionyesha mapema, ndani ya mwaka ule wa kwanza ambao tayari umo katika bei.

Nikauliza, ikiharibika inatengenezwa wapi? Kampala. Nani analipa usafiri? Kijana akamtazama bosi wake, bosi akatazama kalkuleta. Ni mimi.

Basi nikakataa, nao hawakununa, niwape haki yao. Pesa ile nikanunulia stabilizateri, kifaa cha kutuliza umeme, na iliyobaki ikaenda kwenye diski ya nje, maana hata garanti ya miaka kumi hairudishi memwari ya mtu iliyopotea. Wangekuwa na fundi wao hapa mjini, na karatasi ikataja umeme kwa jina, ningelipa bila kubishana.

Jambo moja msilisahau mkienda: namba ya seri (numéro de série) iliyo chini ya mashine, iingizeni kwenye tovuti ya kiwanda kabla ya kulipa. Yangu ilionyesha kwamba mwaka wa garanti umeshaanza kuhesabiwa, boksi likiwa bado na utepe wake. Nikadai faktura yenye tarehe, muhuri na namba hiyo hiyo, ili kiwanda kikiombwa kirekebishe tarehe. Waliandika bila shida.

Na begi msichukue. Ni la nailoni nyepesi, zipu inakwama, wanalihesabia dola 10 humo humo kwenye bei. Ukilikataa wanapunguza.