Arboretum ya Nairobi: saa moja baada ya zamu ya usiku

Niseme mapema kwa ajili ya mwenye haraka: kama una saa moja tu ya kujipa raha katikati ya wiki, na mshahara bado haujaingia, nenda Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi. Usiende Jumapili. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, wenzako wakiwa kwenye foleni ya magari. Kiingilio unalipa kwa simu langoni, na ukishaingia hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume. Zamu ya usiku inaisha asubuhi, na kwa muda mrefu nilikuwa nikitoka hospitali nakimbilia matatu, nafika nyumbani nimechoka lakini usingizi hauji, kwa sababu kichwa bado kiko wodini: nani alikuwa na homa, dripu ya nani ilikuwa karibu kuisha. Siku hizi, zamu ikiisha vizuri, napitia Arboretum kwanza. Nina chupa yangu ya chai ya maziwa yenye tangawizi na vipande viwili vya nduma kwenye karatasi. Naketi, nakunywa, natembea kidogo, naenda kulala.

Mzee wa langoni ananijua kwa sare. "Sista, umeamkaje?" huniuliza, ingawa anaona wazi kwamba sijalala. Mimi humjibu, "Salama mzee, shikamoo," na hapo tayari nimeanza kupona. Wodini kila anayeniita ana shida. Huyu ananisalimia tu.

Wenzangu wengi wanaamini raha ni ya likizo: Mombasa mwezi wa Desemba, nyama choma mwisho wa mwezi. Mimi sizipingi hizo, na zikipatikana nazila. Lakini nimeona wauguzi wazuri wakisubiri Desemba kuanzia Januari, na Desemba ikifika wamepangiwa zamu ya Krismasi. Kilichonisaidia mimi ni raha inayotoshea kati ya kazi na kitanda, isiyohitaji kuombewa ruhusa wala kuchangiwa. Arboretum iko karibu, haitaki maandalizi, na saa moja inatosha. Karura ninaipenda pia, na kila nikiingia namshukuru Wangari Maathai kwa vile alivyoipigania miaka ya 1998 na 1999, lakini Karura ni msitu wa mtu mwenye siku nzima.

Sasa miti yenyewe. Haikupandwa ili watu kama mimi wapumzike chini yake. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na gari moshi la siku hizo lilikula kuni bila kushiba. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilianza kupanda hapa miche ya kutoka ng'ambo ili ione ni ipi ingekua upesi kwenye udongo wetu. Ndiyo maana leo, kwenye hekta 30 hivi tu, utapita mkaratusi wenye asili ya Australia, kisha mianzi, kisha misonobari ya Amerika, na hatua chache mbele ukakuta miti ya hapa hapa Kenya ambayo haikuhitaji kujaribiwa na mtu. Aina zote kwa jumla zimepita 300. Mingi ina vibao vya majina.

Vibao hivyo ndivyo vilivyonipa mazoea ninayoyapenda kuliko yote. Kila nikienda nasoma kibao kimoja. Kimoja tu. Nasimama pale, nashika gome, natazama juu hadi shingo inauma, nanusa jani lililoanguka. Kisha usiku unaofuata nalipeleka jina wodini.

Wazee hawalali. Yeyote aliyewahi kufanya zamu ya usiku anajua saa tisa usiku ilivyo: maumivu yanaamka, taa za korido zinakuwa kali, na mzee aliyelima shamba lake miaka hamsini anakodolea macho dari. Dawa nimeshampa. Zamani ningemwambia, "Jaribu kulala, mzee wangu," nikaenda zangu. Sasa namuuliza kuhusu mti. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama kwenye muiri, ule mti ambao wataalamu huuita Prunus africana. Magome yake husafirishwa hadi Ulaya kutengenezea dawa za tezi dume, na kwa sababu ulikuwa ukichunwa kupita kiasi, tangu 1995 biashara yake iko chini ya udhibiti wa kimataifa. Nusu ya wazee wangu wamelazwa kwa sababu ya tezi dume! Basi niliutaja usiku huo. Mzee wa Nyeri akaanza: muiri, mbao zake ni ngumu, mama yake alikuwa akichemsha magome. Kitanda cha tatu mzee wa Kericho akainua kichwa, akasema kwao ni tendwet, na akaeleza ulikokuwa umesimama, karibu na kisima, kabla ya kaka yake kuukata. Waliendelea kwa sauti ya chini hadi usingizi ukawachukua mmoja baada ya mwingine. Niliwaambia kwa uwazi kwamba wasiache dawa zao wakaenda kuchemsha magome, wakaniitikia. Siku hiyo nilitoka kazini nikiwa na hamu ya kibao kingine.

Hiyo ndiyo tofauti ya raha hii na ya kununua kitu. Viatu vipya nilivifurahia wiki moja. Mti niliousoma jana, kesho mtu ananiongezea habari yake.

Mambo machache ya kujua kabla hujaenda. Kima na tumbili wa pale hawaogopi mtu. Usitoe ndizi mbele yao, na mkoba ufunge zipu. Nduma wananiachia, sijui kwa nini, lakini mkate wataufuata hadi mapajani. Si mkahawa, kwa hiyo beba chai yako na rudi na takataka zako. Masika yakinyesha, njia za chini kuelekea Mto Kirichwa huteleza vibaya. Vaa viatu vyenye meno. Julai kuna baridi ya kupenya mifupani, beba shuka au sweta nzito. Kwarara watapiga kelele juu ya kichwa chako unapotaka kufumba macho, na kwangu mimi sauti hiyo ni sehemu ya bei niliyolipa.

Kwa wenzangu wa zamu ya usiku kuna jambo la ziada. Mwanga wa asubuhi huuambia mwili kwamba siku imeanza, na ukiupokea mwingi usoni hutalala. Kwa hiyo mimi huketi ndani, kwenye kivuli kizito, na kofia nimeishusha. Unayeamka asubuhi ukiwa mzito, fanya kinyume: tafuta uwanja wenye nyasi, jua likupige vizuri kabla hujaingia ofisini.

Wikendi ni mahali pengine kabisa. Familia zimetandaza mashuka, maharusi wanapigwa picha, vikundi vya maombi vimejaa chini ya miti, wanafunzi wa chuo wako kwa wingi. Ukiwa na watoto, hiyo ndiyo siku yenu, watakimbia hadi wachoke. Ukitaka kusikia pumzi yako mwenyewe, subiri Jumanne. Ningeipa nyota tano siku za kazi, tatu Jumapili.

Kutoka mjini, panda matatu ya Kileleshwa inayopita State House Road, umwambie konda mapema akushushe Arboretum, kwa sababu wengine hupitiliza wakiona hakuna aliyegonga bati.